Sentimita Kumi na Moja

Alhamisi baada ya Isha, uwanja wa Mawaleh bado una moto,
saruji inalirudisha jua ililolimeza mchana kutwa.
Tulikuwa tisa. Wa kumi, Rodel, yuko zamu hospitali.
Niliukimbilia mpira ambao haukuwa wangu,
na nyuma ya paja, chini kidogo ya tako,
kitu kikalia ta!
kama uzi wa cherehani unaokatika katikati ya pindo.

Humaid akaja na chupa ya maji, akaniangalia, akasema, "Uzee huo."
Uzee! Miaka thelathini na sita,
kumi na minne kati yake juu ya kiti cha magurudumu madogo
nikipitisha madai ya bima ya magari ya watu,
goti limekunjwa, nyonga imekunjwa,
msuli ukajifunza ufupi
kama mtoto anavyojifunza lugha ya nyumbani,
bila darasa.

Kliniki iko Al-Khoudh, ghorofa ya pili, juu ya duka la halwa.
Mtaalamu wa viungo aliniuliza kwa Kiarabu panauma wapi.
Nikamjibu kwa Kiarabu, kwa adabu, kwa tarakimu.
Alipouinua mguu nikapiga ukelele: "Yalaa, mamaangu!"
Akausimamisha mguu hewani, akacheka.
"Kumbe wa kwetu! Wa wapi?"
"Bibi yangu wa Wete."
"Basi lia Kiswahili, hapa ruhusa."

Wiki mbili Bi Thuwaiba alinikataza kuvuta chochote.
Kidonda hakinyooshwi, alisema.
Halafu akaleta sanduku la mbao lenye rula mgongoni:
keti, nyosha miguu, fikia vidole.
Nikafika nilipofika.
Kasoro sentimita kumi na moja.
Sikuwahi kujua kwamba kati yangu na mimi
kuna masafa yanayopimika.

"Samaki mkunje angali mbichi," nilimwambia, "mie nimeshakauka."
"Ng'onda hujapata kumla wewe?
Analowekwa usiku, asubuhi analainika."

Akaniweka chali, kisigino juu ya bega lake.
"Nisukume. Si kwa ubabe." Nikasukuma.
Moja, mbili, akahesabu mpaka sita.
"Acha."
Nikaacha, na mguu, badala ya kuanguka chini, ukaanguka juu.
"Umeona? Msuli ni bawabu.
Ukimvuta kwa pupa anadhani mwizi, anafunga mlango.
Mpe kazi kidogo, mwambie apumzike, yeye mwenyewe atakufungulia."

Nyumbani, taulo kwenye unyayo, mgongo sakafuni mlangoni pa chumba.
Ghaniya ananiruka na beseni la nguo.
Binti yangu anahesabu kwa haraka, anaibia sekunde, nami namwachia.

Wiki ya tano, sala ya adhuhuri kazini,
niliinama rukuu na magoti hayakuomba kukunjwa.
Mgongo ulilala tambarare, ungeweza kuweka bilauri ya maji.
Miaka mingapi nimekuwa nikimrukuia Mola kwa pembe ya uvivu?
Sikumwambia mtu. Ya sala hayatangazwi.

Wiki ya nane: kasoro sentimita moja.
Nilisubiri hongera. Bi Thuwaiba aliandika tu.
"Na wa kushoto? Au huo wa jirani?"
Wa kushoto, ambao haukuwahi kuuma,
kasoro tatu.

Jana tulifungwa vikapu saba na vijana wa Al-Hail.
Sikuruka juu zaidi, mtu asikudanganye.
Nilikimbia tu bila kuusikiliza mguu wangu,
na hilo, nahisi, ndilo nililolipia.

Wenzangu wakaenda kutafuta karaki.
Nikakaa kwenye mstari wa mitupo huru, soksi vumbi tupu,
nikainama polepole, nikakigusa kidole gumba,
kile chenye ukucha mweusi, sijui tangu lini.
Rodel akatokea na sare za hospitali, mpira kwapani, amechelewa mno.
"Nani kashinda?"
Nikamwonyesha kiganja: ngoja.
Nilikuwa kwenye nne.